Njia za Baiskeli Pemba Ziwe za Wenyeji Kwanza

Ni jambo lisilofichika kwamba sehemu kubwa kabisa ya wageni wanaozuru Zanzibar huishia Unguja. Mwaka 2024 walihesabiwa wageni zaidi ya 700,000, na yeyote aliyewahi kusimama gatini Mkoani au katika uwanja wa ndege wa Chake Chake akiwatazama wanaoshuka anajua mwenyewe ni wachache kiasi gani katika hao waliofika kisiwa cha pili. Suala hili hurejewa mara kwa mara, na jibu linalotolewa huwa lile lile: watafutwe wawekezaji, zijengwe hoteli ufukweni. Sisi hatuzipingi hoteli. Lakini tunaona umefika wakati wa kulitazama jambo jingine lililo rahisi zaidi, na lililo karibu zaidi na uwezo wa mabaraza yetu ya miji na halmashauri, nalo ni njia za baiskeli.

Tunakusudia njia za udongo, nyembamba, zinazopita mashambani, misituni na kando ya mabonde, ambazo mtu huzipita kwa baiskeli ya matairi mapana, ile iitwayo baiskeli ya mlimani. Huenda msomaji akacheka kusikia mlima ukitajwa Pemba, ambako hakuna kilima hata kimoja kinachofikia mita 150. Ni kweli, mlima hatuna. Lakini tunavyo vilima visivyo na idadi, kila kimoja na bonde lake, na aliyepata kutoka Wete kwenda Chake Chake kwa baiskeli, gunia la muhogo likiwa kwenye keria, hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba kisiwa hiki kina miinuko. Mwendesha baiskeli wa ng'ambo si lazima apate kilele kirefu. Anachokitaka ni njia inayopanda na kushuka, inayopinda, yenye kivuli, na yenye kitu cha kutazamwa kila baada ya mwendo mfupi. Hayo yote Pemba imejaaliwa, na Waarabu wa zamani hawakukosea walipokiita Kisiwa cha Kijani.

Jambo jema katika aina hii ya utalii ni kwamba mgeni wake hakai mahali pamoja. Mgeni wa ufukweni hushuka uwanjani, huingia garini, hufikishwa hotelini, na siku ya kuondoka hurejeshwa kwa njia ile ile. Kijiji alichokipita hakukiona isipokuwa kupitia kioo cha gari. Mgeni wa baiskeli huona kiu. Husimama kunywa dafu, hununua ndizi, huuliza njia, tairi lake hupata pancha akamtafuta fundi, na magharibi ikimkuta mbali hutafuta pa kulala. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na habari ya hoteli za kifahari. Walimkusudia mgeni anayefika mlangoni.

Je, ni haki fedha za serikali za mitaa zitumike kwa kazi kama hiyo? Hapa ndipo penye mjadala, na tunadhani mjadala huo unastahili kufanywa hadharani, kwa sababu fedha zenyewe ni chache na mahitaji ni mengi. Kabla ya kutoa rai yetu tungependa kuwasimulia wasomaji yaliyowafika wakaazi wa kisiwa kingine, kilicho mbali na chetu, waliokwisha kulijaribu jambo hili na sasa wanajua faida yake na hasara yake.

Kisiwa hicho ni Tasmania, kilichoko kusini mwa Australia. Kwa ukubwa wa ardhi hatulingani hata kidogo, kwani Pemba ingeweza kuingia ndani yake zaidi ya mara 60. Kwa watu, hata hivyo, tunakaribiana: wao ni takriban 570,000, nasi Pemba, kwa Sensa ya mwaka 2022, ni 543,441. Kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho kuna mji mdogo uitwao Derby, ulioanzishwa kwa ajili ya machimbo ya bati katika karne ya 19. Mwaka 1929 bwawa la mgodi lilipasuka kwa mvua kubwa, maji yakaua watu 14. Mgodi ulikuja kufungwa miaka mingi iliyopita, vijana wakahama kutafuta kazi kwingine, maduka yakafungwa, na nyumba zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa bila ya kupata mnunuzi.

Halmashauri mbili za eneo hilo, ya Dorset na ya Break O'Day, ziliamua kujenga njia za baiskeli za mlimani. Gharama za mwanzo zilikuwa kiasi cha dola milioni 3 za Australia, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa na Serikali Kuu ya nchi hiyo. Njia zilifunguliwa mwaka 2015. Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, Derby ilipokea mashindano ya Enduro World Series, ambayo huwakutanisha waendesha baiskeli hodari wa dunia nzima, na mwaka 2019 yakarudi tena. Leo njia za hapo zinapita kilomita 100, na mji uliokuwa ukifa una mikahawa, maduka ya kukodisha baiskeli na nyumba za wageni. Hakuna aliyejenga hoteli kubwa kwanza. Kilichotangulia ni njia.

Mambo hayo ndiyo yanayosimuliwa na kila anayetaka kuzishawishi halmashauri zitoe fedha. Lakini habari ya Derby haikuishia hapo, na sisi tunaona nusu yake ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu. Nyumba za bei ya kutupa zilipanda bei, nyingi zikanunuliwa na watu wa nje na kugeuzwa nyumba za kulaza wageni, hata mfanyakazi wa mkahawa akawa hana pa kupanga. Kisha likaja suala la matengenezo. Njia zile mgeni huzipita bure, na kila tairi linalopita huondoa udongo kidogo. Halmashauri iliyozijenga, yenye walipa kodi wachache, ilijikuta na mzigo wa kila mwaka ambao ruzuku ya ujenzi haikuubeba, ikabidi uanzishwe mfuko wa kuwaomba wageni wachangie kwa hiari. Na ukazuka mgogoro juu ya misitu: shirika la serikali linalovuna miti lilitaka kukata katika maeneo yaliyo jirani na njia, watetezi wa msitu wakapinga, na kesi ikafika mahakamani.

Mambo hayo matatu, yaani makaazi, matengenezo na ardhi, yangeweza kutufika sisi kwa uzito zaidi, kwa kuwa wenzetu wana uchumi mkubwa kuliko wetu. Ndiyo maana tunaunga mkono njia za baiskeli Pemba, lakini tunaunga mkono kwa masharti, na sharti la kwanza ndilo tuliloliweka katika kichwa cha maneno haya.

Sharti hilo ni kwamba isichimbwe njia mpya ambayo haitatumiwa na mwenyeji. Pemba ina vijia visivyokwisha. Vipo vinavyokwenda kisimani, vipo vinavyokwenda skuli, vipo vya kushukia bondeni kwenye mpunga na vya kupandia kwenye mikarafuu. Vingi katika hivyo vimekuwapo kabla ya lami ya kwanza kumwagwa katika kisiwa hiki. Mtoto wa skuli hupita humo asubuhi na jioni, mkulima hupitisha humo mzigo wake, na mgonjwa huchukuliwa humo kwa baiskeli mpaka barabarani penye gari. Wakati wa masika vijia hivi hugeuka mifereji. Baraza likitumia shilingi yake kukitengeneza kijia cha namna hiyo, wa mwanzo kufaidika ni mtoto wa skuli, na hata asipotokea mgeni hata mmoja fedha ya umma haitakuwa imepotea. Lakini likitumia fedha hizo kuchimba mzunguko wa kilomita kumi msituni kwa ajili ya kujifurahisha wageni peke yao, na wageni wasije, kitakachobaki ni korongo na kibao kilichoandikwa jina la mfadhili.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wataalamu watasema mgeni wa baiskeli hataki njia ya kwendea skuli, anataka njia iliyosanifiwa kwa ajili ya mchezo wake. Ni kweli kwa yule bingwa wa mashindano. Lakini Pemba haitapata leo wala kesho mabingwa wa Derby, wala hatuna miteremko ya kuwaridhisha. Tunaoweza kuwapata ni wale wageni wa kawaida ambao tayari wamefika Unguja, wenye siku tatu au nne za ziada, wanaopenda kuendesha kwa wastani na kukiona kisiwa jinsi kinavyoishi. Kwa mgeni huyo, kijia kinachopita nyuma ya nyumba za makuti, chini ya mikarafuu, penye watoto wanaotoka chuoni na misahafu yao, kina thamani kuliko mzunguko wa msituni uliotengenezwa kwa mashine.

Tukitaja mifano, ipo njia ya kutoka Konde kupitia Msitu wa Ngezi mpaka Makangale, yenye ufukwe wa Vumawimbi upande mmoja na mnara wa taa wa Ras Kigomasha mbele yake, mnara ambao umesimama tangu mwaka 1900. Iko njia ya kutoka Chake Chake kwenda Pujini, penye magofu ya ngome ya Mkame Ndume, yule mtawala ambaye ukatili wake haujasahauliwa vijijini ingawa zimepita karne tano. Na iko Kidike, ambako wageni huenda kuwatazama popo wa Pemba.

Kidike tunapenda kuitaja kwa urefu kidogo, kwa sababu ni skuli ambayo tunayo nyumbani na hatuna haja ya kuifuata Australia. Popo huyu mkubwa hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amewindwa na kukatiwa miti mpaka ikahofiwa kwamba angetoweka. Wanakijiji walikubaliana kuilinda miti anayolala, wakaunda kikundi chao, wakatoza kiingilio kwa wageni, na popo wakaongezeka kwa maelfu. Hapakuletwa askari wa kulinda. Aliyelinda ni mtu anayekaa hapo hapo, ambaye akiona shoka linainuliwa anajua kwamba linakata riziki yake na ya jirani yake. Tunasema njia ya baiskeli ihifadhiwe kwa utaratibu uo huo, na watunzaji wake watoke katika shehia ile ile inakopita.

Hapo tunaingia katika suala la matengenezo, ambalo viongozi wengi hawalipendi kwa kuwa halina sherehe. Hatujapata kusikia utepe ukikatwa kwa ajili ya mfereji uliozibuliwa. Lakini Pemba hunyesha mvua nyingi kuliko Unguja, kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka katika miezi michache ya masika. Njia ya udongo katika kisiwa kama hiki haiharibiwi na baiskeli, huharibiwa na maji. Mafundi wanaojenga njia hizi duniani wana kanuni zao, nazo si ngumu kufahamika. Njia isishuke kilima moja kwa moja, bali iambae ubavuni. Mteremko wake kwa wastani usizidi asilimia 10, yaani kwa kila mita kumi za kwenda mbele isishuke zaidi ya mita moja. Mgongo wake ulalie kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke njia na kwenda zake badala ya kuifuata. Na kila baada ya mwendo mfupi njia iinuke kidogo kabla ya kushuka tena, ili maji yaliyopata kasi yalazimike kutoka.

Vijia vyetu vingi havikufuata kanuni hizo, kwa sababu vilitengenezwa na miguu, na miguu hupenda mkato. Ndiyo maana kila kilima kina jeraha jekundu linaloanzia juu na kuishia bondeni, na udongo unaoshuka humo huishia katika majaluba ya mpunga. Kwa hivyo kuzitengeneza njia hizi upya, zikazungushwa ubavuni mwa kilima, ni kazi ya utalii na pia ni kazi ya kilimo. Tungefurahi kuona bwana shamba na mhandisi wa baraza wakilikagua bonde pamoja, jambo ambalo kwa sasa hutokea kwa nadra.

Sasa tuitazame fedha. Hesabu tutakayoitoa ni ya mfano tu, kila baraza litaweka tarakimu zake. Tuchukulie njia ya kilomita 30, na kwamba kila kilomita tano zina mtunzaji mmoja mwenye jembe, panga na toroli. Watakuwa watunzaji sita. Tuchukulie kila mmoja analipwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ujira wao utafika shilingi 25,200,000. Ikiwa kila mgeni atatozwa shilingi 10,000 kuipita njia hiyo, watahitajika wageni 2,520 kwa mwaka, ambao ni wastani wa wageni saba kwa siku, kabla ya njia kuweza kuwalipa wanaoitunza. Bado hatujahesabu vibao, madaraja ya mbao, wala fidia ya mti ulioangushwa.

Wageni saba kwa siku si wengi. Lakini hawatapatikana mwaka wa kwanza, na pengine hata wa pili. Je, katika miaka hiyo miwili watunzaji watalipwa na nani? Baraza lisiloweza kulijibu swali hili kwa maandishi, katika kitabu chake cha makadirio, lisianze kujenga. Tunatamka hivyo bila ya kuumauma maneno, kwa kuwa kisiwa hiki kina mifano ya kutosha ya majengo yaliyofunguliwa kwa shangwe yakafungwa kwa kukosa mshahara wa mlinzi.

Tena iangaliwe fedha za wageni zinakwenda wapi. Kodi zinazotozwa hotelini hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar na kuingia katika mfuko mkuu. Hatulalamikii utaratibu huo, kwani hospitali na skuli zinategemea mfuko huo. Lakini serikali za mitaa, ambazo zinaongozwa na Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, zinategemea sana leseni, ada za masoko na ruzuku. Likitakiwa baraza lijenge njia ya kumleta mgeni, kisha kodi ya kitanda atakacholalia ipite juu ya kichwa cha baraza hilo, madiwani watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini watumie fedha za soko la samaki kumtajirisha mtu mwingine. Rai yetu ni kwamba Serikali ibebe gharama ya ujenzi wa mwanzo, baraza lisimamie, na ada ya njia ibaki katika wilaya, sehemu yake ikienda moja kwa moja kwa kamati ya shehia. Wanaotilia shaka kwamba fedha zaweza kushushwa hadi kijijini watazame vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka kule Unguja, ambavyo hupata sehemu ya mapato ya wageni wa hifadhi hiyo.

Liko pia suala la ardhi, ambalo likipuuzwa litaleta ugomvi katika wiki ya kwanza. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na watu wana haki ya kuitumia. Lakini miti ina wenyewe. Katika shamba moja la eka tatu mikarafuu yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi ya mwengine, na anayelima muhogo chini yake akawa wa tatu. Ofisa anayedhani kwamba amemaliza kazi kwa kuonana na mtu mmoja hakulijua shamba la Pemba. Mkarafuu usikatwe kwa ajili ya baiskeli hata mmoja. Njia ndiyo ipinde. Na pasipowezekana ila kupita juu ya migomba ya mtu, fidia ilipwe kabla ya jembe kutiwa.

Mkarafuu huo huo una jambo jingine. Karafuu ni mazao ambayo mwaka huu hushona na mwaka wa pili yakakataa, na katika mwaka wa kushona kisiwa kizima huwa kiko juu ya miti. Wachumaji wamejaa mashambani, karafuu mbichi zimeanikwa kwenye majamvi kila penye uwazi, na wizi wa karafuu huwa ndio hofu ya kila mwenye shamba. Katika majuma hayo hapana mkulima atakayependa kuona watu asiowajua wakipita chini ya mikarafuu yake wakiwa na mifuko mgongoni. Tunashauri njia zipitazo mashambani zifungwe msimu ukifika, kwa tangazo la sheha, na mgeni aelekezwe kwenye njia za msituni na za ufukweni. Mgeni mwenye busara hatachukia. Pengine atataka kukaa kando na kutazama jinsi karafuu zinavyochambuliwa, na akinunua ratili ya viungo kwa mwenye haki ya kumuuzia, vyema zaidi.

Juu ya mila na desturi tunasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Njia isipite penye kisima wanapooga wanawake, isipite uwani mwa nyumba, na isipite makaburini. Mavazi ya mgeni anayepita kijijini yawe ya heshima, na hilo aelezwe anapolipa ada, kwa lugha ya upole, si akutane nalo njiani kwa kupigiwa kelele na vijana. Tumekwisha kuona Unguja jinsi uchungu unavyozaliwa pale mwenyeji anapohisi kwamba adabu yake haikuulizwa. Wanaoweza kuyajua mambo haya mapema ni wanawake wa kijiji wenyewe, maana wao ndio wanaovitumia vijia hivyo zaidi kuliko mtu yeyote, kwa maji, kwa kuni na kwa shamba. Kamati ya njia isiyo na wanawake itachora ramani yenye makosa.

Wako watakaotuuliza: hospitali zina upungufu, madarasa yamejaa, nanyi mnazungumza habari za baiskeli? Swali hili tunaliheshimu. Lau tungeambiwa tuchague kati ya dawa na njia ya baiskeli, tusingesita. Lakini bajeti ya baraza haipangwi kwa namna hiyo, na kila mwaka kuna kifungu cha barabara za ndani ambacho hutumika kumwaga kifusi kinachochukuliwa na mvua ya kwanza. Tunachoomba ni sehemu ya kifungu hicho hicho itumike kwa akili zaidi, katika vijia ambavyo gari haiviwezi na ambavyo watu wengi wanavitegemea. Tena kuna vijana. Katika miaka ambayo karafuu zimekataa, kijana wa Micheweni au wa Mkoani huiangalia meli ya Unguja na basi la Dar es Salaam kama ndiyo njia pekee. Kazi ya kuongoza wageni, kutengeneza baiskeli, kukodisha na kutunza njia haitawatosha wote, wala hatudai hivyo, lakini ni kazi anayoweza kuifanya bila ya kuuza shamba la baba yake kwa ajili ya nauli.

Na suala la nyumba, lililowapata watu wa Derby, lisingojewe mpaka lifike. Kabla njia haijatangazwa kwa wageni, baraza liweke utaratibu wa kuwasaidia wenyeji watengeneze chumba kimoja au viwili vya kulaza wageni katika nyumba zao, ikiwamo leseni nafuu na ukaguzi usio wa kutisha. Fedha za wageni zikikuta vyumba hivyo vipo, zitaingia humo. Zikikuta havipo, atakuja mwenye mtaji kutoka mbali anunue haki ya kiwanja kilichoko kandokando ya njia, na mwenye nyumba wa leo awe mlinzi wake wa kesho.

Serikali za mitaa za Pemba ni nne, na hatupendekezi zote nne zikimbilie jambo hili kwa pamoja. Ianze moja, kwa njia moja isiyozidi kilomita 30, na nyingine zitazame. Sisi tungechagua Micheweni, kwa sababu ya Ngezi na Vumawimbi, na kwa sababu ni wilaya ambayo umaskini wake unajulikana na kila aliyesoma taarifa za Serikali. Kwa kuwa msitu uko chini ya wenye dhamana ya misitu, na utalii uko chini ya Kamisheni ya Utalii, mapatano ya nani anatoza nini na nani anatengeneza wapi yaandikwe na kutiwa saini mwanzoni. Mgeni asijikute analipa mara tatu katika kilomita kumi, kwa watu watatu wenye stakabadhi za rangi tatu. Hospitali ya wilaya nayo iarifiwe, kwani watu huanguka baiskeli na mifupa huvunjika.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hutayarishwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Tutakitafuta kifungu cha matengenezo katika makadirio hayo kabla ya kutafuta cha ujenzi. Ama upimaji wa njia yenyewe, tunaomba usifanywe wakati wa kiangazi, ambapo kila kijia huonekana kizuri. Wapimaji watoke Aprili, mvua ikinyesha, wakiwa na viatu vya mpira na pamoja na sheha, wayatazame maji yanapita wapi.